Nilivyoaibika Steep Hill, wewe unayetaka kutembeza wageni usome

Wiki iliyopita dada mmoja wa Leicester aliniandikia: "Dada, nimeona picha zako na wageni kule Lincoln. Na mimi nataka kutembeza watu kwa Kiswahili. Nianzie wapi?" Lincoln ni mji wa kale huku Uingereza. Nikacheka peke yangu ndani ya basi. Najua wengi mnaonisoma ndoto yenu ni hiyo hiyo, kuachana na zamu za usiku kwenye nyumba za wazee na kula kwa mdomo wako. Basi leo nasema yote, na naanza na aibu. Picha za safari yangu ya Jumamosi mmeziona, watu kumi na wanne wanacheka. Safari ya kwanza hakuna aliyepiga picha.

Kundi la kwanza lilikuwa la watu wanane, wamekuja na treni kutoka London. Mimi mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa, nimekulia vichochoroni, nikajiona nyumba kongwe nazijua tangu tumboni. Nikawapokea stesheni, tukaanza kupanda. Kosa la kwanza hilo. Stesheni ya Lincoln iko bondeni, kanisa kuu liko juu ya kilima. Barabara inaanza High Street, mbele inaitwa The Strait, halafu inakuwa Steep Hill, yaani kilima kikali, na jina hilo halikutiwa chumvi: kila hatua saba za kwenda mbele, moja ni ya kupanda. Pabaya zaidi wameweka chuma cha kushikilia.

Tulikuwa na mama mmoja mwenye goti bovu. Nitamwita Mama Mkubwa. High Bridge alifurahi sana, kwa sababu huko ni tambarare: daraja la karne ya 12, na mgongoni mwake nyumba za mbao za karne ya 16, mto unapita chini, watu juu wanakunywa chai. "Hawa wamejenga mpaka juu ya maji!" Kufika katikati ya kilima akakaa kwenye kizingiti cha duka la watu, akavua kiatu, akaniambia, "Mwanangu, umetuleta kuona nyumba au kufa?"

Badala ya kumpa maji, nikaona hapo ndipo pa hotuba. Mbele yetu ilikuwa Norman House, nyumba ya mawe ya karne ya 12. Kwenye intaneti nilikuwa nimeona postikadi ya zamani imeandikwa kwamba hii ni nyumba ya Aaron Myahudi. Nikaanza. Nikaeleza jinsi Aaron wa Lincoln alivyokuwa tajiri kuliko Wayahudi wote wa Uingereza ya zama zake, akikopesha mabwana na nyumba za watawa. Jinsi alivyofariki mwaka 1186 na Mfalme Henry II akatwaa mali yake. Jinsi madeni yalivyokuwa mengi, wadaiwa kama 430, hata ikabidi ifunguliwe idara maalumu ya kuyafuatilia. Hayo yote ni kweli. Kisha nikapiga ukuta kwa kiganja: "Na hapa ndipo alipolala Aaron!"

Mzee mmoja mwenyeji alikuwa anateremka na mbwa wake. Kiswahili hakijui, lakini neno "Aaron" na kiganja changu ukutani vilimtosha. Akasimama, akasema kwa Kiingereza, wote wakisikia, kwamba Aaron hakuishi hapo, jina hilo watu walilibandika baadaye kwa makosa. Halafu akaongeza, kwa upole ule unaokata kuliko kisu, kwamba ni vizuri mtu asome kabla ya kufundisha wenzake. Akaondoka. Wageni wangu wakatazama viatu vyao.

Jioni, kwenye kundi la WhatsApp, mmoja akataka arudishiwe nusu ya pesa. Nilimrudishia. Jina lake sijalisahau.

Miezi iliyofuata nilisoma tu, hakuna la kusimulia.

Sasa ushauri. Soma kwanza. Usiamini kibao, usiamini postikadi, usimwamini hata mtu aliyekutangulia kwenye kazi hii. Ukiona nyumba imepewa jina la mtu, jiulize nani aliyeiita hivyo, na lini. Na usome tena.

La pili, inua macho. Mtaa ule chini umejaa vioo vya maduka, na wageni wengi wanapita wakitazama sabuni na peremende. Teremka mpaka Jew's House, yaani Nyumba ya Myahudi, pale The Strait inaposhikana na Steep Hill. Achana na dirisha la chini, utazame mlango. Juu yake kuna tao la mawe yaliyochongwa, nakshi zimelika kwa mvua lakini bado zinasomeka kwa kidole. Juu ya tao ukuta umejitokeza nje kidogo. Ile ni dohani! Meko yalikuwa ghorofani, na lile tao la mlango ndilo lililobeba uzito wake tangu karne ya 12. Mwenye nyumba alikaa juu kwenye joto, chini pakawa pa biashara. Mtu wa Mombasa au Unguja hilo haelezwi mara mbili. Pembeni tafuta madirisha ya matao mawili mawili ya enzi ile ile. Nilipita mbele ya mlango huo miaka mitatu nikienda kazini, na dohani sikuiona.

Hapo pia punguza sauti. Mwaka 1255 mtoto wa Kikristo alikutwa amekufa mjini humu, Wayahudi wakasingiziwa, 18 wakanyongwa. Mwaka 1290 Mfalme Edward I akawafukuza wote Uingereza. Ndani ya kanisa kuu leo kuna maandishi yanayokiri kwamba hadithi zile zilikuwa za uongo. Nimewasikia watembezaji wakiisimulia habari hii kama ya mazimwi, wageni wanacheka. Ndugu zangu, tuogope Mungu. Watu walikufa kwa maneno ya kubandikwa, na sisi tunakula kwa maneno. Mimi mwenyewe nimebandika, ndiyo maana nasema.

La tatu, anzia juu. Wapandishe kwa teksi. Mnaanza Newport Arch, lango la Warumi la karne ya 3 ambalo magari bado yanapita chini yake. Mwaka 1964 lori lilikwama humo na kulijeruhi. Mnapita mtaa wa Bailgate, mnasimama kati ya ngome iliyoanza kujengwa 1068 na kanisa lililoanza 1072, zinatazamana kama wake wenza. Mnara wa kati wa kanisa ulikuwa na ncha iliyoanguka 1548, na inasemekana kabla ya hapo hakukuwa na jengo refu kuliko hilo duniani. "Inasemekana." Neno hilo lihifadhi mfukoni, litakuokoa. Kisha mnateremka taratibu, goti la Mama Mkubwa likishukuru.

Na usome, nimeshasema?

Jumamosi tukiwa Norman House nilimwona yule mzee anakuja na mbwa wake. Nikapandisha sauti, na safari hii nikachanganya na Kiingereza makusudi: nyumba hii iliwahi kuitwa ya Aaron, jina la makosa, hakuishi hapa. Mzee akapita bila kugeuza shingo. Mbwa alisimama kidogo, akanusa kiatu changu, akavutwa.