Jibu: Mishipa ya moyo safi, mbona mama bado anabanwa kifua?

Pole dada wa Area C, Dodoma. Picha ya mishipa ya moyo aliyopigwa mama pale Hospitali ya Benjamin Mkapa huonyesha mishipa mikubwa tu. Ile midogo, chini ya nusu milimita, haionekani, na ikigoma kutanuka kifua hubana kweli. Asiambiwe ni mawazo.

HDL yake, yaani lehemu (kolesteroli) nzuri ya damuni, milimoli 0.9 kwa lita, iko chini: kwa mwanamke tunataka angalau 1.3. Hii lehemu nzuri husaidia ukuta wa ndani wa mshipa kutanuka na hutuliza uvimbe (inflamesheni) wa mishipa. Uvimbe huo ukidumu, HDL nayo hulegea kazini.

Ila CRP, kipimo cha damu cha uvimbe huo, ya miligramu 12 kwa lita msiishike bado, si umesema alikuwa na kikohozi? Nacho huipandisha. Apone kwanza, irudiwe baada ya wiki 2. Ikibaki juu ya 3, mwonyesheni daktari wa moyo. Maumivu yasipoisha akipumzika, msingoje asubuhi.