Chandolin, Uswisi: mahali na watu wake

Ndugu, umeuliza kama Chandolin bado ni manispaa na kwa nini wakazi wake ni wachache. Tangu tarehe 1 Januari 2009 si manispaa tena, kwani iliunganishwa na Ayer, Grimentz, Saint-Jean, Saint-Luc na Vissoie kuunda manispaa ya Anniviers, katika jimbo la Valais. Kijiji chenyewe, chenye nyumba kuukuu za mbao zilizopata weusi kwa jua, kiko kwenye mteremko, zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako kilimo ni kigumu. Ndiyo maana zamani familia za bonde la Anniviers zilihama kwa misimu, zikishuka hadi kwenye mizabibu karibu na mji wa Sierre, kisha zikipanda tena na ng'ombe wao. Siku hizi, majira ya baridi, nyumba nyingi hujaa watalii, ambao bila shaka si wakazi.