Uliza Bibi: Dakika 20 stesheni, nile nini?

Shikamoo Bibi,

Kazi yangu inanisafirisha kwa treni mara mbili kwa mwezi. Safari ni ya mchana na usiku, na katikati nabadili treni nikiwa na dakika 20 tu stesheni. Mwezi uliopita nilinunua wali na nyama kibandani, vya moto kabisa. Saa mbili hazijaisha nilikuwa chooni natapika. Tangu hapo nashinda na njaa hadi nifike. Mume wangu anasema nibebe kuku wa kukaanga kutoka nyumbani, niache kusumbuka. Kweli pale stesheni hakuna cha kuaminika?

Mwenye Tumbo la Wasiwasi

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kutapika ni adhabu. Kutapika huku sakafu inayumba ni adhabu juu ya adhabu.

Tuanze na ule wali, maana umeandika "vya moto kabisa" kana kwamba moto ni hati ya usafi. Sikuwepo, siwezi kuapa ni nini kilikupata, lakini wali una hila yake. Kuna bakteria, wataalamu humwita Bacillus cereus, ambaye mchele ukichemka yeye hujikunyata ndani ya ganda gumu wala hafi. Wali ukiachwa upoe taratibu mezani, anaamka, anazaana na kuacha sumu. Sumu hiyo hata ukiipasha moto haiharibiki, na aliyeila huanza kutapika kati ya saa 1 na 6 baadaye. Kwa hiyo wali wa alfajiri uliopashwa adhuhuri unaweza kufuka mvuke mzuri tu na bado ukakulaza.

Basi usiulize "ni cha moto?" Uliza "kimepikwa saa ngapi?", tena umtazame usoni. Aliyepika sasa hivi hujibu kabla hujamaliza. Anayeanza kukusifia nguo, mwache. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida, na kinachosubiri kuliwa kikiwa moto kiwe juu ya nyuzi 60 za Selsiasi. Hatutembei na vipimajoto, lakini macho tunayo: sufuria inayotokota jikoni si sawa na sinia lililolala nyuma ya kioo tangu asubuhi.

Stesheni ina ugonjwa wake mwingine: muuzaji anajua hamtaonana tena. Huko Swindon, Uingereza, kuanzia miaka ya 1840 mkataba ulilazimisha treni zisimame dakika 10 ili abiria wale kwenye mkahawa uleule mmoja. Mhandisi wa reli hiyohiyo, Isambard Kingdom Brunel, alimwandikia mwenye mkahawa kwamba haamini kama mle ndani kuna kahawa. Alichokunywa kilikuwa nafaka mbovu iliyochomwa. Reli ilikuja kujinunulia uhuru wake mwaka 1895. Hebu fikiria, miaka yote hiyo!

Ndiyo maana mimi nikishuka humtafuta mtu asiye abiria. Mfagizi, mpagazi, kondakta anayetoka zamu: wanakula wapi? Wao kesho watarudi palepale, na muuzaji analijua hilo. Mara nyingi ni kibanda cha pembeni kisicho hata na bango.

Ila dakika 20 ni chache. Soma kwanza ubao ujue treni yako iko jukwaa gani, ndipo uifuate njaa. Na usiagize cha kukaangwa papo hapo ukisubiri, hata kama ndicho salama kuliko vyote. Niliwahi kulipia chipsi, nikasimama nikitazama mafuta yakichemka, na nilipokabidhiwa pakiti, begi langu lilikuwa limeshaondoka na treni. Nilibaki jukwaani na chumvi vidoleni.

Ndiyo maana sasa napenda yai la kuchemsha lenye joto la sufuria bado. Chagua lisilo na ufa, ulimenye mwenyewe. Muuzaji akikumenyea kwa vidole vilivyotoka kushika noti, faida yote imepotea. Ndizi nayo ni hivyohivyo: ganda lake ndilo leso yake. Saladi iliyokatwa na mayonezi iliyo wazi, pita kama hukuviona. Chupa ya maji ifungue palepale usikilize kizibo kikikatika. Kikizunguka kimya, irudishe. Barafu nayo ni maji, usisahau.

Sasa kuku wa mume wako. Nia yake njema, ila kuku aliyekaangwa saa 12 asubuhi akafungiwa kwenye kontena hadi saa 9 alasiri hana tofauti na wali uliokulaza. Bakteria hawaulizi kama aliyepika anakupenda. Akufungie mkate mkavu, karanga na biskuti, hivyo vinavumilia siku nzima. Kuku amkaange siku unayorudi, tena asiweke karai jikoni hadi akusikie unabisha hodi.

Bibi