Waifai inayokataa, shingo inayouma: maswali ya wafanyakazi wa chuo

Maswali ya safari hii yamegawanyika: mengine ya vifaa, mengine ya miili inayovitumia. Tumeyafupisha, na yaliyofanana tumeyaunganisha.

Nilibadilisha nywila ya chuo. Tangu hapo simu haishiki eduroam (waifai ya pamoja ya vyuo), na mara mbili akaunti yangu imefungwa kabisa. Wiki ijayo nina mkutano Nairobi. (Mhadhiri, Morogoro)

Simu yako bado inaikumbuka nywila ya zamani. Kila ukipita karibu na antena ya chuo inaituma yenyewe, ikikataliwa inarudia, na seva ikishahesabu makosa kadhaa inafunga akaunti ikidhani kuna mtu anabahatisha. Ndiyo maana TEHAMA wakikufungulia asubuhi, mchana umefungwa tena. Kabla ya kuomba ufunguliwe, ifute nywila hiyo kwenye kila kifaa: simu, tableti, laptopu ya nyumbani, na ile simu ya zamani uliyompa mtoto achezee ikiwa na barua pepe yako ndani. Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika.

Kisha gusa eduroam kwenye orodha ya waifai, chagua "Forget", uunge upya. Jina la mtumiaji liwe anwani kamili, pamoja na @ na jina la chuo. Kwenye baadhi ya vyuo jina fupi hukubaliwa ukiwa nyumbani, kwa hiyo kosa halionekani mpaka ufike ugenini: seva ya wenyeji hutazama kilichoandikwa baada ya @ ili ijue ombi lako ilirudishe chuo gani. Bila hicho haina pa kulipeleka. Njia ya EAP (namna ya kumthibitisha mtumiaji) vyuo vingi hutumia PEAP, na hatua ya pili MSCHAPV2. Penye cheti (kitambulisho cha kidijitali cha seva) chagua vyeti vya mfumo, na penye "Domain" andika jina la seva utakalopewa na TEHAMA wako. Usilikisie.

Tunajua watu huchukia kipengele hicho cha cheti, na simu nyingi za Android kuanzia toleo la 11 hazikuruhusu kukiruka. Kina sababu. Mtu yeyote anaweza kuweka ruta kwenye begi, akaipa jina eduroam na kukaa nayo kantini. Simu isiyokagua cheti itaanza kumpa mazungumzo ya kuingia ambayo anaweza kwenda kuyavunja kwa utulivu hadi aipate nywila. Kama chuo chako kimesajiliwa kwenye programu ya geteduroam, itumie hiyo. Inajaza yote haya yenyewe.

Maliza kazi hii ukiwa bado Morogoro, kwa sababu nywila yako hukaguliwa na seva ya chuo chako hata ukiwa Nairobi. Umeme ukikatika kwenye chumba cha seva huku na jenereta lisiwake, wewe uliyeko huko ndiye utakayekosa intaneti. Usiwalaumu wenyeji.

Namba za tarakimu 6 za kuingilia barua pepe zilifanya kazi vizuri Dar. Nilipofika Kigali zote zikawa zinakataliwa. (Mtafiti, Dar es Salaam)

Bila shaka ulirudisha saa ya simu nyuma kwa mkono. Programu inayotoa namba hizo haihitaji intaneti. Inatengeneza namba mpya kila sekunde 30 kutokana na siri iliyohifadhiwa ndani ya simu pamoja na saa ya dunia. Kigali iko saa moja nyuma ya Dar. Ukibadilisha ukanda wa saa, saa ya dunia ndani ya simu haiguswi. Ukisogeza mishale tu, simu inaamini kuwa ulimwengu mzima umerudi nyuma saa nzima, na namba inayotoa ni ya saa iliyopita. Rudisha tarehe na saa kwenye "automatic", subiri namba inayofuata, jaribu tena.

Na kwa kuwa wengi wametuuliza kuhusu simu iliyoibiwa: dawa yake huandaliwa kabla. Google hutoa namba 10 za akiba, kila moja ya tarakimu 8 na ya kutumika mara moja tu. Zichape, uziweke ulikoweka vyeti vyako. Ukitengeneza seti mpya ile ya zamani inakufa, kwa hiyo ichane. Ukinunua simu mpya, hamisha akaunti kwanza ndipo uifute ya zamani. Tunaopokea maombi ya waliofungiwa nje ya akaunti tunajua mpangilio huo hugeuzwa mara ngapi. Anayetegemea namba za SMS naye apige *106# mara kwa mara aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA, maana matapeli huanzia kwenye laini.

Nimepata ujumbe kuwa sanduku langu la barua limejaa asilimia 98, nibofye nithibitishe. Nilibofya na kuandika nywila, kisha nikaibadilisha haraka. Niko salama? (Katibu muhtasi, Mbeya)

Bado. Ujumbe huo ni wa tapeli, na kubadilisha nywila ni nusu ya kazi. Aliyeingia, hata kwa dakika tano, mara nyingi huacha kanuni inayopeleka nakala ya barua zako kwake, na kanuni hiyo haijali nywila mpya. Fungua mipangilio ya barua pepe, tazama sehemu ya "Forwarding" na ya "Filters", futa usichokitambua. Kisha ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, angalia namba ya simu na anwani ya kurejeshea akaunti kama bado ni zako, na uwaambie TEHAMA leo hii. Aibu isikucheleweshe, ujumbe huo haukuja kwako peke yako.

UPS (betri ya akiba) ya ofisini inalia kila tukichapa. (Masjala, Iringa)

Toeni printa ya leza kwenye UPS. Inapopasha moto ule mtambo wa kugandisha wino kwenye karatasi, huvuta umeme mwingi kwa ghafla kuliko UPS ndogo inavyoweza. Printa ichomekwe ukutani, UPS ibaki na kompyuta, kioo na ruta. Ikiendelea kulia hata bila printa, angalieni umri wa betri: hudumu miaka 3 hadi 5, na kwenye chumba cha joto hufa mapema.

Windows 10 imeishiwa huduma. Idara yetu ina kompyuta 30 na bajeti haipo. Tuzitupe? (Mkuu wa idara, Dodoma)

Hapana, lakini msizinyamazie pia. Masasisho ya bure ya usalama yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta inawaka kama jana. Kilichobadilika ni kwamba tundu likigunduliwa hakuna anayeliziba.

Anzeni kwa kuzigawa. Windows 11 inataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, TPM 2.0 (chipu ya usalama), na kwa Intel Core kwa kawaida kizazi cha 8 au zaidi. Kizazi kinasomeka kwenye jina la prosesa: i5-7200U ni cha 7, haipiti, i5-8250U ni cha 8, inapita, i5-10210U ni cha 10, si cha kwanza kama wengine wanavyoisoma. Kwa TPM, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, tazama kama toleo ni 2.0. Ikisema haipo, msikate tamaa mapema: kwenye mashine nyingi imezimwa tu ndani ya BIOS (mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka), kwa jina la PTT kwa Intel au fTPM kwa AMD.

Hapo kuna mtego. Kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la diski la Windows), ukigusa BIOS kompyuta inaweza kuwaka ikidai ufunguo wa tarakimu 48. Hakikisheni ufunguo huo mnao, umeandikwa nje ya kompyuta hiyo, kabla ya mtu yeyote kugusa chochote. Nakala za mafaili nazo vilevile.

Zisizopita zina njia mbili za heshima. Ya kwanza, chuo kinunue masasisho ya ziada: kwa taasisi za elimu bei ni dola 1 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, 2 wa pili, 4 wa tatu. Kwa kompyuta 30 hiyo ni dola 30 za mwaka wa kwanza, na ni vigumu kwa kamati ya fedha kuikataa ikielezwa hivyo. Ya pili ni kuziwekea Ubuntu au Linux Mint, mifumo ya bure inayokaa mahali pa Windows, ambayo inafaa sana kwa maabara ya wanafunzi na kwa anayefanyia kila kitu kwenye kivinjari. Haifai kwa mhasibu ambaye programu yake ni ya Windows tu. Zile mbinu za mitandaoni za kulazimisha Windows 11 kwenye mashine isiyopita sisi hatuzipendekezi kwa ofisi: Microsoft haitoi ahadi ya kuipa masasisho mashine ya namna hiyo.

Nafanya kazi kwenye laptopu saa 8 kwa siku. Shingo na bega la kulia vinauma, na jioni macho yanawasha. (Mhasibu, Mwanza)

Laptopu imetengenezwa kwa ajili ya safari: kibodi na kioo vimeshikana, kwa hiyo ama kichwa kiiname ama mikono iinuke. Vitenganishe. Nunua kibodi ya nje na kipanya, kisha inua laptopu. Huhitaji stendi. Rimu ya karatasi za A4 ina karatasi 500 na unene wa takribani sentimita 5. Panga mbili au tatu mpaka ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho yako au ushuke kidogo. Rimu zenye kifungashio cha nailoni huteleza, basi weka kitambaa katikati, na usizibe matundu ya kupoozea yaliyo chini ya laptopu. Umbali uwe kama urefu wa mkono. Unayevaa miwani ya kusomea yenye sehemu mbili, shusha kioo zaidi, la sivyo utanyanyua kidevu siku nzima na shingo itauma upya.

Bega la kulia ni kesi ya kipanya. Kibodi yenye vitufe vya namba upande wa kulia inakisukuma mbali, nawe unakifuata kwa mkono ulionyooka. Kwa kuwa mhasibu huwezi kuachana na namba, tafuta kibodi fupi pamoja na vitufe vya namba vinavyojitegemea, uviweke kushoto. Kiwiko kibaki karibu na mbavu. Ukipandisha kiti kuifikia meza na miguu ikaning'inia, weka kitu chini ya nyayo.

Kuhusu macho: kila dakika 20 tazama kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, na geuza feni isipulize usoni. Ila ukiona ganzi vidoleni au mkono unapoteza nguvu, acha kupanga rimu, muone daktari.

Siku ya afya chuoni nilipimwa presha ikawa 152/94. Nilikuwa nimepanda ngazi hadi ghorofa ya 4 na nimekunywa kahawa. Je, ni mgonjwa? Na majibu haya utumishi wanayaona? (Mkutubi, Dar es Salaam)

Kipimo hicho hakitoshi kukuita mgonjwa, na hakitoshi kukuacha uende zako. Ngazi, kahawa, kibofu kilichojaa, miguu iliyopishanishwa, kuongea na mpimaji, mkanda mdogo kuliko mkono: kila kimoja huipandisha. Tafuta kipimo cha kufunga juu ya kiwiko. Kahawa, sigara na mazoezi viwe angalau dakika 30 nyuma yako. Enda haja ndogo. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono wazi mezani usawa wa moyo. Pima, ngoja dakika moja, pima tena, andika zote mbili. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku 7, acha za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki.

Wastani wa nyumbani ukifika 135/85, au ukipimwa kituoni siku mbili tofauti ukapata 140/90 na kuendelea, nenda na daftari lako kwa daktari. Namba moja kati ya hizo mbili kuvuka inatosha. Ikifika 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, ulimi kuwa mzito au upande mmoja kulegea, ni hospitali muda huohuo. Na usianze vidonge vya jirani.

Kuhusu utumishi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Hazichakatwi bila ridhaa yako ya maandishi, isipokuwa pale sheria yenyewe iliporuhusu. Mwajiri anaweza kuridhika na hesabu ya jumla, kwamba wangapi wamepimwa na wangapi wamepelekwa hospitali, pasipo majina. Kwa hiyo soma fomu kabla ya kusaini, hasa mstari unaosema majibu yatapelekwa kwa nani. Ukikuta jina lako, cheo na presha yako viko kwenye daftari moja lililoachwa wazi mezani, una haki ya kulalamika.

Nimerudi kazini baada ya uzazi. Nanyonyesha. Msimamizi anasema nisubiri saa ya chakula. (Mtaalamu wa maabara, Tanga)

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya saa za kazi. Mwandikie barua fupi ukipendekeza nyakati, kwa mfano saa nne asubuhi na saa nane mchana, nakala kwa afisa utumishi. Mara nyingi barua hufanya ambacho maneno hayakufanya.

Ukikamua badala ya kwenda nyumbani, maziwa hukaa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na Tanga mchana ni nadra kupata joto hilo bila kiyoyozi. Tumia kiboksi chenye vipande vya barafu, yatahimili hadi saa 24, au friji hadi siku 4, ndani kabisa na si mlangoni. Andika tarehe na saa kwenye chupa. Na friji hiyo isiwe ile ya sampuli za maabara.