Zabibu niliyokutana nayo Marangu

Kwa miaka mingi mvinyo mwekundu niliwaachia wengine. Kwenye kumbi za harusi hapa Moshi mjini chupa hushinda mezani tangu mchana. Ikifika jioni unamiminiwa kitu cha vuguvugu, kinachoma koo na kuacha ukakasi kama umeng'ata ndizi mbichi. Nikaamini mimi ni wa mbege tu, pombe yetu ya ndizi.

Julai moja tukapanda Marangu kwenye kipaimara cha mpwa wangu. Chupa ililala stoo, na baridi ya huko mwezi ule mnaijua. Shemeji akanimiminia kidogo, nikanywa huku natafuna mbuzi wa kuchoma. Nikapata ladha ya zambarau, moshi wa kuni, na kwa mbali sana ndizi iliyoiva. Nikaomba chupa nisome: Pinotage, ya Afrika Kusini.

Zabibu hii ilianzia Stellenbosch mwaka 1925, mtaalamu wa zabibu Abraham Perold alipochavusha zabibu ya Pinot Noir kwa ya Cinsaut, ambayo huko waliiita Hermitage. Jina lake limeungwa kutoka Pinot na Hermitage. Na ile ndizi sikuiota: mvinyo unapochachuka hutokea kemikali ileile inayoipa ndizi mbivu harufu yake, na Pinotage inajulikana kwa hilo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujasema hupendi mvinyo mwekundu, upoze kwanza. Nusu saa kwenye friji inaupunguzia lile vuguvugu. Usiulaze humo usiku kucha ukaunywa hivyohivyo, maana baridi kali inaua harufu na kuuzidisha ukakasi. Umeme ukikatika, ndoo ya maji na barafu kidogo inafanya kazi hiyohiyo. Unywe na nyama yenye mafuta. Ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, ndiyo mwenzake hasa.

Dukani tafuta jina la zabibu kwenye lebo. Kwa mvinyo wa Afrika Kusini, jina moja likiandikwa, angalau asilimia 85 ya kilichomo ni zabibu hiyo. Utakutana na Pinotage inayonuka kama rangi ya kucha, mimi nimekutana nayo. Jaribu ya mtengenezaji mwingine, na ukiipata inayokufaa piga picha lebo yake.

Uchungu usikutishe. Sisi tuliokulia kwenye mbege yenye msesewa, lile gome chungu la mti, ulimi wetu uliuzoea zamani. Wiki hii nimeweka kwenye friji nyekundu ya Dodoma, naipa nusu saa ileile.