Chura wa maporomoko ya Amani, Pemba yupo?

SWALI: Assalaam alaykum. Mie mwalimu wa baiolojia skuli ya sekondari huku Wete. Tuliwapeleka wanafunzi Amani, Tanga, tukamuona chura mkubwa kang'ang'ania mwamba kwenye maporomoko, aliyetutembeza akatwambia ni Petropedetes, mwenzangu kasoma pahala kuwa ni Arthroleptides. Juzi kwenye kijito msitu wa Ngezi nimeona chura mdogo wa kahawia kando ya maji nikadhani ndo yule yule bado mtoto. Ni yeye? Na jina sahihi lipi?

JIBU: Waalaykum salaam mwalimu. Nianze na la Ngezi, huyo siye kabisa, na Pemba nzima hutompata.

Yule wa Amani ni Arthroleptides martiensseni na maisha yake yote yako kwenye maji yanayoanguka juu ya mawe. Mie nilimtazama kwa karibu usiku na tochi, vidole vyake vina ncha pana zenye umbo la herufi T kama zimepasuliwa katikati, ndo anavyoweza kushika jiwe linaloteleza. Lakini kinachonivutia zaidi ni viluwiluwi vyake maana havikai dimbwini kama tulivyozoea, vinakaa juu ya mwamba wenyewe pale maji yanapopita membamba tu, mkia mrefu mwembamba, tumbo limebandikana na jiwe, ukipeleka kidole vinaruka. Sasa hebu fikiria Pemba, udongo wetu, mchanga na mawe ya matumbawe, vilima vya mita mia na kidogo, vijito vinakwenda polepole, kiluwiluwi kama hicho kitakaa wapi?

Watu wengi husema sababu ni bahari, kwamba chura hawezi maji ya chumvi, na ni kweli ngozi yake haihimili chumvi, na mkondo wa Pemba, yaani bahari iliyo kati ya kisiwa na bara, una kina cha mamia ya mita. Lakini tazama Unguja, mkondo wake una kina kidogo, enzi ya barafu bahari iliposhuka zaidi ya mita 100 Unguja ilikuwa imeungana na bara, na bado huyu chura hayupo. Hashuki tambarare, ndo jambo lenyewe. Ndo maana ukitaka ramani ya jenasi hii, yaani kundi zima la Arthroleptides, chora milima tu, martiensseni yuko Usambara, yakusini yuko Uluguru na Udzungwa (jina lake ni Kiswahili chetu, "ya kusini", alielezwa kisayansi mara ya kwanza mwaka 2002), na dutoiti wa Mlima Elgon upande wa Kenya ambaye hajaonekana tangu 1962, nami huyo naumia kila nikimtaja.

Kuhusu jina, mwenzako na aliyewatembeza wote wana haki. Arthroleptides ni jina alilotoa mtaalamu Nieden mwaka 1911 kwa chura huyu wa Usambara. Zamani waliwekwa kwenye familia kubwa ya Ranidae, siku hizi ni Petropedetidae. Mwaka 2005 jenasi hii ikaunganishwa na Petropedetes ya Afrika Magharibi, kina Kamerun huko, kwa hiyo maandishi mengi ya miaka ile yanaandika Petropedetes martiensseni. Mwaka 2014 uchunguzi wa vinasaba ukawatenganisha tena, wa mashariki wakarudishiwa jina lao. Wanafunzi wafundishe Arthroleptides, ila uwaonyeshe na lile la pili wasije wakadhani ni chura wawili.

Sasa huyo wako wa Ngezi. Pemba ina chura wake ambaye hayupo pahala pengine duniani, Phrynobatrachus pakenhami, alielezwa na mtaalamu Loveridge mwaka 1941 kwa jina la Pakenham aliyekuwa afisa wa serikali ya Zanzibar enzi hizo. Ni mdogo, wa kandokando ya maji, na yumkini ndo huyo, ingawa kwa maelezo ya rangi peke yake siwezi kukata kauli maana kahawia ni rangi ya nusu ya vyura wetu. Unguja nayo ina wake, Phrynobatrachus ungujae na Kassina jozani, hawa wameelezwa juzijuzi tu, 2007 na 2006.

Ukirudi Ngezi mpige picha tatu, mgongo, tumbo, na mguu wa nyuma kwa karibu mpaka ncha za vidole zionekane, weka rula pembeni, andika saa na kama alikuwa kwenye maji au kwenye majani. Na akilia mrekodi kwa simu, sauti ya dume inasema mengi kuliko rangi. Kisha muacheni palepale, wanafunzi wasimtie chupani kumpeleka skuli.