Ukitaka punda ateleze, anza na timazi

Mtoto wa kaka yangu, wa miaka sita, aliutazama mchoro wangu kwa muda, kisha akauliza, "Shangazi, mbona punda anaanguka?"

Hakuwa anaanguka. Nilikuwa nimemchora bingwa: punda wa Lamu, amevaa viatu vya magurudumu, meno nje, mikono juu, anapita mbio ufukoni. Lakini mtoto alikuwa sahihi. Miguu ilinyooka kama fito, mgongo umeegemea nyuma, magurudumu yametangulia mbele ya tumbo. Mtu akisimama hivyo kwenye magurudumu, punde yuko chini. Nilikuwa nimetumia siku mbili kwenye macho na meno, na miguu nikaimaliza kabla chai haijapoa.

Kama nawe umeagizwa mchoro wa namna hii, au unajichorea tu, naomba uanzie pale nilipochelewa kuanzia: uzito wa mwili unakaa wapi. Sura itakuja.

Niliweka penseli chini. Jumapili nikaenda katikati ya Nairobi, Sunken Car Park, ambako vijana hukusanyika kuteleza. Nilikaa hapo asubuhi nzima na daftari, nikichora vijimtu vya mistari mitatu au minne tu, hakuna uso wala nguo. Fanya hivyo kabla ya kufungua picha za mtandaoni, kwa sababu picha inakuonyesha mkao mmoja lakini haikuonyeshi mtu alivyoufikia. Anayejua kuteleza hasimami wima. Magoti yamekunjwa, kifua kimeinama kidogo mbele, mikono iko chini. Wanaoanza ndio hunyoosha miguu na kujivuta nyuma kwa woga, yaani mkao uleule niliompa bingwa wangu.

Nikaona jambo jingine ambalo nisingeligundua nikiwa mezani. Mtelezaji anapojisukuma, mguu hauendi moja kwa moja nyuma kama wa mkimbiaji. Unasukuma pembeni. Ukisukuma kuelekea nyuma, gurudumu linabingirika tu na halina pa kukamata. Ukisukuma kwa upande, linaing'ang'ania sakafu. Punda wangu nilikuwa nimempigisha teke la nyuma, kwa kuwa punda tunamjua kwa mateke. Nilipouhamisha mguu ule pembeni, mchoro ulianza kwenda wenyewe.

Sasa timazi. Marehemu baba alikuwa mwashi, na katika vifaa vyake vyote mimi nilipenda kile kipande cha chuma kinachoning'inia kwenye uzi. Ndicho ninachokitumia hadi leo, ila kwa penseli. Chora mstari wima kutoka katikati ya kiwiliwili kushuka hadi chini. Kama mhusika anateleza kwa mguu mmoja bila haraka, mstari uangukie kwenye kiatu kilichobeba mwili, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ukiangukia nyuma ya kiatu, anaanguka, hata umchoree tabasamu gani. Punda ana kichwa kikubwa, nacho kinavuta uzito mbele. Kwa hiyo nyonga zirudi nyuma kidogo kukisawazisha. Mimi nilizirudisha mara nne ndipo mstari ukakaa.

Miguu yenyewe inahitaji uamuzi mapema. Lile goti la mguu wa nyuma wa punda linaloonekana kukunjika kinyume si goti. Ni kisigino. Goti halisi liko juu, karibu na tumbo, na punda anatembea juu ya ukucha wa kidole kimoja, ambao ndio ukwato. Ukimsimamisha kwa miguu miwili una njia mbili: umpe miguu ya binadamu au umwachie yake. Nilijaribu ya binadamu kwanza, nikapata mwanamume aliyevaa kinyago cha punda. Nikairudisha miguu yake yenye umbo la Z, na bahati ikawa kwamba Z tayari ni mkunjo. Mguu unaonekana kama springi hata akiwa ametulia. Kiatu nikakikatia chini kidogo ya kisigino ili mkunjo usifichwe. Ukikipandisha hadi juu unaua kila kitu.

Kuhusu kiatu, shika kimoja halisi mkononi ukiweza. Vile vya magurudumu mawili mbele na mawili nyuma vina raba ya breki kwenye ncha ya mbele, na gurudumu lake lina kipenyo cha milimita 57 hadi 62 hivi, kama chungwa dogo. Usianze na magurudumu. Chora kwanza sanduku jembamba chini ya soli, kisha ekseli mbili zinazolikata, halafu ndipo uweke gurudumu kila mwisho wa ekseli. Ukilitazama kwa mshazari, gurudumu si duara tena bali umbo la yai, na mayai yote manne ya kiatu kimoja yanaelekea upande mmoja. Yai moja likigeuka kivyake, kiatu kinaonekana kimevunjika.

Ekseli zenyewe zina siri inayomsaidia mchoraji. Mwaka 1863, James Plimpton wa New York alipata hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya kiatu ambacho magurudumu yake hugeuka mvaaji anapoegemea upande. Kwa hiyo anayekata kona kwenye viatu hivi lazima mwili wote ulalie ndani ya kona. Usigeuze kichwa peke yake ukadhani umemgeuza.

Halafu njoo kwenye punda mwenyewe, na hapa ndipo nilipofurahia kazi. Nimekulia Lamu, nimewaona katika mashindano ya Maulidi, masikio yamelala nyuma, shingo zimenyooshwa. Masikio marefu ni zawadi: mwili ukienda mbele, yenyewe yanabaki nyuma, na mtazamaji anauhisi upepo bila kuchorewa mistari ya kasi. Mkia uwe na kishada mwishoni, kama wa ng'ombe, usiwe wa farasi. Usisahau mstari mweusi wa mgongoni unaokatwa na mwingine mabegani, wala weupe wa mdomoni na kuzunguka macho. Bila hivyo watoto watamwita farasi.

Kivuli ni kitu kidogo chenye kazi kubwa. Mguu unaogusa sakafu, kivuli chake kinaanzia pale pale chini ya magurudumu. Mguu ulioinuliwa, kivuli kinatengana nao. Nilipoacha nafasi ya upana wa kidole kati ya kiatu na kivuli chake, mguu ukainuka.

Mteja aliyeniagiza aliupokea mchoro ukiwa umekamilika na rangi, ndipo akasema alitaka viatu vya magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja. Nilichora miguu yote upya bila malipo. Tangu hapo natuma kwanza mchoro wa penseli na picha ya kiatu, nasubiri kibali kwa maandishi, na idadi ya marekebisho tunakubaliana kabla sijagusa rangi.

Yule mtoto ameuona mchoro mpya. Hakuuliza kuhusu kuanguka. Aliuliza punda atasimamaje akifika mwisho wa ufuko. Sijaupata mkao huo bado. Kufunga breki kwa ile raba ya mbele kunataka mguu mmoja ubaki nyuma ukiburura ncha, na kisigino cha punda hakitaki kukaa hivyo. Jumapili ijayo narudi na daftari, nitazame wanaosimama tu.